Pumzi Ikikatika Usingizini: Mashine ya Hewa Huzoeleka

Ndugu msomaji, watu wengi hukoroma. Mwingine hukoroma kwa sababu amelima kutwa na amechoka. Mwingine hukoroma kwa sababu ana mafua. Kukoroma kwa namna hiyo si jambo la kutisha.

Lakini iko namna nyingine ya kukoroma. Mtu hukoroma kwa nguvu mpaka walio chumba cha pili wanamsikia. Halafu ghafula hunyamaza. Kifua chake kinahangaika, lakini hewa haiingii. Hukaa hivyo kwa muda. Kisha hushtuka, huvuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyeibuka kutoka majini, na kuanza kukoroma tena. Baada ya muda mfupi hunyamaza tena. Hali hii hujirudia usiku kucha.

Wapo wanaosema, "Huyu ana usingizi mzito." Wapo wanaosema amekabwa na jinamizi. Wengine humtafuta mchawi. Ndugu zangu, huu ni ugonjwa. Ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Tiba yake kubwa si kidonge wala sindano. Ni mashine ndogo inayosukuma hewa puani mtu akiwa amelala.

Mashine hii husaidia sana. Lakini siku za mwanzo huleta taabu. Wengine huichoka upesi, wakaiweka chini ya kitanda na wasiiguse tena. Hapo ugonjwa hubaki pale pale. Kwa hiyo leo tutaeleza ugonjwa huu, mashine yenyewe, na jinsi ya kuizoea.

UGONJWA HUU HUTOKEAJE?

Njia ya hewa kooni ni laini. Haina mfupa wa kuizunguka na kuishika. Mchana, misuli ya koo huishika njia hiyo ikae wazi. Usiku, mtu akilala, misuli hulegea. Ulimi nao hurudi nyuma.

Chukua mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Ukiwa hauna hewa, pande zake mbili hukutana na kushikamana. Koo la mgonjwa huyu hufanya vivyo hivyo. Pande zake hukutana na njia ya hewa huziba.

Hewa isipoingia, damu hukosa oksijeni ya kutosha. Ubongo hupata habari na kumshtua mtu ili avute pumzi. Hushtuka kidogo tu, na mara nyingi asubuhi hakumbuki. Lakini usingizi wake umekwisha kukatwa.

Wataalamu huhesabu ni mara ngapi pumzi hukatika au hupungua sana katika saa 1. Kila mara inayohesabiwa ni ya sekunde 10 au zaidi. Kwa mtu mzima, mara 5 hadi 14 kwa saa ni ugonjwa mdogo. Mara 15 hadi 29 ni ugonjwa wa wastani. Mara 30 au zaidi ni ugonjwa mkali. Tufanye hesabu. Mtu ambaye pumzi yake hukatika mara 30 kwa saa, akilala saa 7, imekatika mara 210. Huyo hakulala. Amepigana usiku kucha.

DALILI NA HATARI ZAKE

Mgonjwa mwenyewe hajioni akiwa amelala. Anayeona ni mwenzake. Kwa hiyo mke akisema, "Baba watoto, jana usiku pumzi yako ilikatika, nikakuamsha mara tatu," mume asikasirike. Hakutukanwa. Ameletewa habari muhimu.

Dalili nyingine ni hizi. Mtu huamka amechoka ingawa alilala mapema. Huamka kichwa kinauma na kinywa kimekauka. Huamka mara nyingi kwenda kukojoa. Mchana husinzia mkutanoni, kwenye gari, au akiwa anaongea na wageni. Husahau mambo na kukasirika upesi. Watu humwita mvivu, kumbe ni mgonjwa.

Ugonjwa huu huwapata zaidi watu wanene, hasa wenye shingo nene. Huwapata wanaume kuliko wanawake, lakini mwanamke aliyekoma hedhi naye huwa hatarini zaidi. Umri mkubwa huongeza hatari. Pombe na dawa za usingizi hulegeza koo zaidi. Lakini hata mtu mwembamba anaweza kuugua, kama taya lake ni dogo au njia yake ya hewa ni nyembamba. Watoto nao huugua, mara nyingi kwa sababu ya mafindofindo makubwa. Mtoto anayekoroma kila usiku apelekwe kwa daktari.

Ugonjwa huu hufuatana na shinikizo la damu, maradhi ya moyo na kiharusi. Tena kuna hatari ya ajali. Dereva anayesinzia huua wengine pamoja naye. Vivyo hivyo mtu wa pikipiki, na mtu anayeendesha mashine ya kusaga nafaka.

MASHINE ILITOKA WAPI?

Zamani wagonjwa wa hali mbaya walikuwa na tiba moja kubwa. Daktari aliwatoboa tundu shingoni, chini ya mahali panapoziba, ili wapumulie hapo usiku. Tundu lile liliokoa maisha. Lakini ni mzigo kukaa nalo, na wengi waliliogopa.

Mwaka 1980, mjini Sydney, nchini Australia, daktari mmoja aitwaye Colin Sullivan alifikiri njia nyingine. Kama koo hujifunga kwa kukosa nguvu, kwa nini lisijazwe hewa likae wazi? Mgonjwa mmoja wa hali mbaya alikubali kujaribiwa usiku mmoja. Alivishwa kifuniko puani. Mota ilisukuma hewa kwa kupitia mpira. Kukoroma kukakoma. Pumzi haikukatika tena. Mtu yule alilala usingizi wa kweli, na asubuhi aliamka macho maangavu.

Mwaka 1981 Daktari Sullivan na wenzake waliandika habari za wagonjwa 5 waliotibiwa hivyo. Mashine za mwanzo zilikuwa kubwa na zenye kelele. Kifuniko kiligandishwa usoni kwa gundi kila usiku. Hata hivyo wagonjwa walivumilia, kwa sababu waliona faida yake. Siku hizi mashine ni ndogo, hukaa juu ya stuli, na kelele yake ni kama ya upepo mdogo.

Kwenye mashine au boksi lake utaona herufi nne: CPAP. Watu husoma "sipapu". Haitoi oksijeni ya mtungi. Huchukua hewa ya chumbani, huichuja, na kuisukuma kwa nguvu iliyopimwa na wataalamu. Hewa hiyo huishika njia ya kooni ikae wazi, kama hewa inavyoshika mpira wa baiskeli. Ukiivua, koo hurudi hali yake ya zamani. Kwa hiyo mashine haiponyi kwa kuwa nayo nyumbani. Husaidia usiku ule tu unaoivaa.

JINSI YA KUIZOEA

Ndugu msomaji, kumbuka siku ulipoanza kushika kalamu. Vidole viliuma. Herufi zilipinda. Leo unasoma gazeti. Kuzoea mashine hii ni hivyo hivyo. Huanza kwa taabu, na mazoezi huileta karibu.

Usisubiri usiku ndipo uanze. Anza mchana.

Hatua ya kwanza. Kaa kitini, umetulia. Shika barakoa kwa mkono na uiweke puani bila kufunga mikanda. Washa mashine. Kama barakoa yako ni ya pua, funga kinywa na upumue kwa pua. Ukitaka kuiondoa, iondoe. Wewe ndiye bwana wa mashine. Fanya hivyo dakika chache, halafu pumzika na urudie.

Hatua ya pili. Funga mikanda. Kaa nayo nusu saa huku unasikiliza redio au unaongea na jamaa. Mawazo yakienda kwenye redio, hofu hupungua.

Hatua ya tatu. Lala kitandani nayo wakati wa mchana. Ukisinzia, vizuri.

Hatua ya nne. Ivae usiku. Ukiamka na kukuta umeivua usingizini, usikate tamaa. Ivae tena. Kama jana uliivaa saa 2, leo jaribu saa 3. Shabaha ni kuivaa muda wote unaolala, hata usingizi wa mchana.

Mashine nyingi zina mahali pa kuifanya ianze taratibu. Upepo huanza kidogo, kisha huongezeka polepole wakati unatafuta usingizi. Mwombe mtaalamu akuonyeshe. Lakini usibadilishe mwenyewe nguvu ya hewa aliyoiweka daktari.

TAABU ZA KAWAIDA NA DAWA ZAKE

Kujiona unakabwa. Hii ni taabu ya wengi. Ukitoa pumzi unahisi unasukumana na upepo. Usishindane nao. Pumua polepole. Rudi hatua ya kwanza ya mazoezi kama hofu ni kubwa. Pia mweleze mtaalamu, maana mashine nyingine zinaweza kupunguza upepo kidogo wakati wa kutoa pumzi.

Hewa kuvuja kuelekea machoni. Watu hukimbilia kukaza mikanda. Mara nyingi kukaza sana huzidisha kuvuja na kuleta vidonda puani. Fanya hivi. Nawa uso uondoe mafuta. Lala kama unavyolala siku zote, washa mashine, ndipo urekebishe mikanda kidogo kidogo. Barakoa ikiwa kubwa au ndogo mno, omba nyingine. Barakoa ina vipimo kama viatu. Aliyevaa kiatu kisichomtosha hawezi kwenda mbali.

Kinywa kukauka. Huenda kinywa hufunguka usingizini na hewa hutokea hapo. Kuna mkanda wa kushika kidevu, na kuna barakoa inayofunika pua na kinywa pamoja. Mweleze mtaalamu akuchagulie.

Pua kuziba au kukauka. Mashine nyingi zina kikopo cha maji cha kulainisha hewa. Tumia maji yaliyokenekwa, yaani mvuke wa maji uliopozwa ukawa maji tena. Maji ya kisima au mto yasitiwe. Maji ya betri ya gari pia yasitiwe. Mwaga maji yaliyobaki kila asubuhi na ukaushe kikopo.

Maji kuingia kwenye mpira. Hutokea chumba kikiwa baridi. Weka mashine chini kidogo ya usawa wa kitanda, ili maji yasiteremke kuja puani. Unaweza pia kuufunika mpira kwa kitambaa.

Tumbo kujaa hewa. Usinyamaze. Mwambie daktari. Huenda nguvu ya hewa inahitaji kupimwa upya.

Umeme kukatika. Usiogope. Barakoa ina vitundu vidogo vya kutolea hewa uliyoipumua. Usivizibe hata kidogo. Mashine ikizimika, vua barakoa. Barakoa inayofunika kinywa huwa na kilango kinachojifungua mashine inapozimika, ili uvute hewa ya nje. Mtaalamu akuonyeshe kilango hicho kabla hujaenda nyumbani.

MAMBO YA NYUMBANI KWETU

Chandarua kisiachwe kwa sababu ya mashine. Weka mashine nje ya chandarua, juu ya stuli karibu na kitanda. Pitisha mpira chini ya ukingo wa chandarua, kisha chomeka ukingo vizuri chini ya godoro. Mbu hapiti, na hewa inapita.

Mashine isikae sakafuni kwenye vumbi. Isifunikwe kwa nguo, maana hapo ndipo inavuta hewa. Kumbuka kwamba hewa iliyomo chumbani ndiyo utakayosukumiwa puani. Kwa hiyo jiko la mkaa na kibatari visiwemo chumbani. Chujio lake liangaliwe mara kwa mara. Kuna chujio la kuosha na kuna la kubadilisha tu. Uliza lako ni lipi.

Barakoa ifutwe kila asubuhi kwa maji na sabuni isiyo kali. Mpira uoshwe kila wiki na kuanikwa kivulini. Usitumie dawa kali za madoa.

Penye umeme wa sola, mashine nyingi zinaweza kutumia betri. Lakini kuna inayotaka volti 12 na kuna inayotaka volti 24. Lazima ipate waya na kifaa chake. Fundi asibahatishe. Ukizima joto la kikopo cha maji, umeme unaotumika hupungua sana.

Usiazime mashine ya mwenzako. Nguvu ya hewa aliyopimiwa yeye siyo yako. Tena uangalie unaponunua mashine iliyotumika. Mwaka 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuzirudisha mashine zake nyingi, kwa sababu sponji ya kupunguza kelele iliyo ndani iliweza kumomonyoka na kuingia katika hewa. Kabla ya kununua, mwonyeshe mtaalamu jina la mashine na namba yake.

TWENDE WAPI? TUFANYE NINI?

Kwanza nenda zahanati au kituo cha afya. Nenda pamoja na mtu anayelala nawe chumba kimoja, akaeleze alichokiona. Sema wazi, "Pumzi yangu hukatika usingizini." Mganga atapima shinikizo la damu na kukupeleka hospitali kubwa ikibidi. Huko utapimwa ukiwa umelala. Vyombo vidogo hufungwa kwenye kidole, kifuani na puani. Havichomi na haviumi.

Tuseme ukweli. Mashine hii ni ghali, na haipatikani kila mahali. Kabla ya kununua, uliza bei ya mashine, na pia bei ya barakoa na machujio, maana vitu hivyo huchakaa. Kama una bima, uliza inalipia nini.

Wakati unangoja, yapo mambo ya kufanya. Usinywe pombe jioni. Usitumie dawa za usingizi bila daktari. Kama u mnene, punguza uzito. Kwa watu wengi koo hujifunga zaidi wakilala chali, basi lala ubavu. Ukizoea kugeuka chali, shona mfuko mgongoni mwa fulana na utie mpira mdogo wa matambara. Ukigeuka, mpira utakukumbusha. Mambo haya huweza kumtosha mwenye ugonjwa mdogo. Mwenye ugonjwa mkali asiyaweke mahali pa mashine.

Ukishapata mashine, rudi hospitali siku uliyoambiwa na uichukue mashine yako. Nyingi hujiwekea kumbukumbu ya saa ulizoivaa na jinsi hewa ilivyovuja. Mtaalamu husoma humo na kukusaidia. Anayesinzia asiendeshe gari wala pikipiki mpaka daktari amruhusu. Anayetumia dawa za shinikizo la damu asiziache kwa sababu amepata mashine.

JAMAA WA NYUMBANI

Mtu aliyevaa barakoa na mpira hujiona kichekesho. Watoto wakicheka, ataivua. Kwa hiyo waelezeni mapema: "Hii ni dawa ya baba," au "Hii ni dawa ya bibi." Waacheni waishike na wasikie upepo wake. Wakishaielewa, hawataicheka.

Mwenzi wake ana kazi kubwa zaidi. Usiku akiona barakoa imevuliwa, amwamshe taratibu aivae. Asubuhi amuulize amelalaje. Naye atapata faida, maana aliyekuwa halali kwa sababu ya kelele na wasiwasi sasa atalala.

Wengine huona nafuu baada ya siku chache. Wengine hungoja wiki kadhaa. Nafuu hiyo huonekana katika mambo madogo. Kichwa hakiumi asubuhi. Mtu hukaa mkutanoni mpaka mwisho na kukumbuka yaliyosemwa. Huenda shamba bila kutafuta kivuli cha kulala saa tatu ya asubuhi.

Ndugu msomaji, kama nyumbani kwako yuko mtu anayekoroma na kunyamaza, usimcheke wala usimwite mvivu. Usiku wa leo msikilize. Pumzi yake ikikatika, hesabu sekunde, na ukumbuke mara ngapi. Kesho mpelekee mganga hesabu hiyo.